Mashine ya chai ya kitandani ikigoma, fuata maji

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, giza la Desemba bado limetanda na kioo cha dirisha kimetoa jasho, mashine yangu huanza kunong'ona. Mwanzoni ni sauti nyembamba kama ya mbu. Baadaye mngurumo unapanda, kifuniko kinatetemeka kidogo, halafu maji yanapanda kwenye mrija na kumiminika ndani ya buli huku yakikoroma. Swichi inagonga: tak. Taa inawaka, alamu inalia. Nikikaa kitako kitandani, chai iko tayari, na zamu ya alfajiri inanikuta nimeshapata kikombe cha kwanza.

Nimezitaja sauti hizo kwa mpangilio wake makusudi. Ukizijua sauti za mashine yako ikiwa nzima, siku ikiugua utajua imeishia wapi. Nimeishi na mashine ya aina hii hapa Uingereza kwa miaka kumi na miwili, na watu wa kwetu wameniletea zao nizitazame: nyingine mpya kabisa, nyingine za mitumba, nyingine walizoachiwa na ajuza wa nyumba ya jirani. Kilichonishangaza ni kwamba wengi huja wameshafungua skrubu zote za chini, kumbe tatizo lilikuwa maji yamezuiwa njiani, mahali panapoonekana kwa macho bila bisibisi.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, ijue kazi yake. Mashine ina vitu vinne: saa, birika lililofungwa, mrija, na buli. Saa ikifika muda inaruhusu umeme uende kwenye koili ya birika, ule waya unaopasha maji moto. Maji yanachemka, lakini mvuke hauna pa kutokea kwa sababu kifuniko kimebana. Mrija umeshuka mpaka karibu na kitako cha birika, mdomo wake wa chini umezama ndani ya maji. Mvuke unajikusanya juu, unayakandamiza maji, nayo yanakimbilia njia pekee iliyobaki: kupanda kwenye mrija na kuangukia kwenye buli lenye majani ya chai. Birika likiisha maji linakuwa jepesi, springi iliyo chini yake inalinyanyua, swichi inakata umeme na alamu inalia. Baadhi ya mashine hazipimi uzito, zinapima joto: maji yakiisha kitako kinapata moto ghafla, themostati inakata. Hakuna pampu wala mota ya kusukuma maji. Mvuke ndiye mfanyakazi, na ukimpa upenyo wa kutorokea hafanyi kazi.

Waingereza wameihangaikia fikra hii kwa muda mrefu. Mwaka 1902 Frank Clarke, fundi wa bunduki wa Birmingham, alipata hataza ya saa ya kupika chai: muda ukifika njiti ya kiberiti inajisugua na kuwaka, inawasha taa ya spiriti chini ya birika, na maji yakichemka birika linainama lenyewe. Kiberiti na spiriti kando ya shuka na mapazia! Ya umeme iliyokuja kuenea ilibuniwa mwaka 1933, kazi ya Brenner Thornton, na kampuni ya Goblin ndiyo iliyoiuza kwa jina la Teasmade. Jina hilo limekuwa kama jina la kifaa chenyewe, hata mashine za leo za Swan zinalibeba.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Kila ninaposema fungua, gusa au safisha, plagi iwe imetoka ukutani na birika limepoa. Mvuke wa mashine hii unaunguza vibaya, na umeme wake ni uleule wa pasi na jiko. Kama mashine yako ni ya miaka ya 1950 au kabla, usiichomeke hata kuijaribu mpaka mtu anayejua umeme ameutazama waya wake. Mpira wa nyaya za enzi hizo hukauka na kumomonyoka ndani ya kitambaa, kwa nje unaona uko salama, ukiukunja tu shaba inabaki uchi. Rangi nazo zilikuwa nyingine: kwenye nyaya laini za Uingereza kabla ya miaka ya 1970 mwekundu ndio wa moto, mweusi nyutro na wa kijani ardhi. Leo ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Fundi aliyezoea rangi za leo peke yake anaweza kukosea.

Imekufa kabisa: saa haitembei, taa haiwaki

Jaribu soketi kwa kifaa kingine, chaja ya simu inatosha. Soketi ikiwa nzima, tazama fyuzi ndani ya plagi. Plagi za Uingereza za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na ni plagi zilezile tunazotumia Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania, kwa hiyo ushauri huu unasafiri na mashine. Usibadilishe fyuzi kwa kubahatisha. Soma wati zilizoandikwa chini ya mashine, zigawe kwa 230, upate ampea. Mashine ya wati 850 inakula ampea 3.7 hivi, ukiiwekea fyuzi ya 3 inaweza kukatika siku yoyote, na ukiiwekea ya 13 fyuzi inaweza kuchelewa kukulinda waya ukipata hitilafu. Hapo ya 5 ndiyo mahali pake.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu. Kuna shoti, mara nyingi maji yameingia chini ya birika. Ichomoe, iache ikauke siku nzima mahali penye hewa. Ikirudia baada ya kukauka, ni kazi ya fundi mwenye mita ya kupimia umeme.

Saa inatembea, alamu inalia, maji baridi

Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, na sababu tatu za kwanza hazihitaji kifaa chochote.

Swichi ya kuchagua kazi. Mashine nyingi zina nafasi ya alamu peke yake, nafasi ya alamu na chai, na nafasi ya kuchemsha sasa hivi. Mtu anapofuta vumbi anaisogeza bila kujua.

Birika halijakaa. Kwenye mashine zinazopima uzito, birika tupu au lenye maji machache halikandamizi swichi, kwa hiyo umeme hauji. Vilevile birika likikaa upande. Linyanyue, pitisha kidole kwenye kitako chake na kwenye kikalio, pale birika linapokaa. Niliwahi kukuta punje moja ya sukari guru iliyoyeyuka na kuganda chini ya ukingo wa birika, ndogo kuliko punje ya mchele, na mwenye mashine alikuwa ameshaagiza nyingine mpya. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto, birika likashuka, tukasikia tak ndogo ya swichi kushika. Sauti hiyo ya kushuka uitafute kila usiku unapoweka maji. Usipoisikia, asubuhi hakuna chai.

Saa ya alamu yenyewe. Hapa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Mgeni, hasa mzee aliyetoka nyumbani juzi, akiambiwa atege saa kumi na moja alfajiri, atapeleka mshale wa alamu kwenye kumi na moja au kuandika 11:00. Mashine inataka 05:00. Kwenye za namba hakikisha pia ni asubuhi na si jioni, yaani 05:00 na si 17:00. Kwenye za mishale kuna kinyume chake: uso wa saa una masaa kumi na mawili tu, haujui asubuhi wala jioni, kwa hiyo ukisahau kuizima baada ya chai, saa kumi na moja jioni itaamka tena. Watu huniambia mashine imepata wazimu inachemsha yenyewe mchana. Haina wazimu, hukuizima.

Kama yote hayo yako sawa na bado maji ni baridi, ndipo tunaingia kwenye umeme. Ukiwa na mita, na plagi ikiwa nje, pima ukinzani wa koili kwenye ncha zake mbili. Mashine ya wati 600 itasoma karibu omu 88, ya wati 700 karibu omu 76. Ikisoma hivyo, koili ni nzima na kosa liko kwenye swichi au kwenye fyuzi ya joto, kile kidude kidogo kilichofungwa karibu na koili ambacho hukatika mara moja na hakirudi. Ikisoma wazi kabisa, yaani umeme hauna njia ya kupita, koili imekatika. Fyuzi ya joto inabadilishwa kwa nyingine ya joto lilelile lililoandikwa juu yake. Kuna mafundi huiruka kwa kipande cha waya na mashine inafanya kazi. Usikubali. Kidude hicho ndicho kinga ya mwisho usiku ukiwa umelala na swichi imekwama.

Inachemka, inanguruma, lakini maji hayaendi kwenye buli

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia, na ndipo nitakaa kidogo.

Kama chumba kimejaa mvuke na buli ni kavu, mvuke umepata upenyo. Utafute. Weka maji, washa kwa kuchemsha sasa hivi, simama pembeni, na maji yakianza kunguruma chukua kijiko kikavu cha baridi ukishike kwa mpini mrefu karibu na ukingo wa kifuniko. Kisogeze polepole kuzunguka. Mahali ambapo kijiko kinapata ukungu ndipo panapovuja. Fanya vivyo hivyo pale mrija unapoingia kwenye kifuniko. Mkono uwe mbali, ni kijiko kinachokwenda kwenye mvuke.

Mara nyingi utaona ni mpira wa kifuniko. Utoe, ukunje taratibu katikati ya vidole viwili, uelekeze kwenye mwanga. Mpira mzima unarudi ulivyokuwa. Mpira uliochoka unabaki umekunjika, au unaonyesha nyufa nyembamba kama za udongo wa shamba wakati wa kiangazi. Nyufa hizo ndizo zinazokunyima chai. Kabla ya kununua mwingine jaribu kuosha: mara nyingine ni chokaa tu imejiganda juu yake, na ukiilainisha kwa siki na kusugua kwa kitambaa unabana tena. Ukibadilisha, tafuta mpira wa silikoni wa kutumika kwenye chakula, wa kipenyo na unene uleule. Usitumie mpira wa bomba la gari, nimeona chai ikinuka tairi wiki nzima. Wala usipake gundi. Na usikaze kifuniko kwa koleo: mrija ukiwa umeziba na kifuniko kimekazwa hivyo, umetengeneza chombo cha presha karibu na mto wako.

Kama hakuna mvuke unaovuja, birika linanguruma kwa hasira na mrija unatoa matone tu, mrija umeziba. Zima mara moja, chomoa, acha ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko. Ukishaupoza, upulize au upitishe brashi nyembamba ya kusafishia mirija. Kinachoziba ni chokaa.

Chokaa inategemea unaishi wapi. London na kusini mashariki ya Uingereza maji yanatoka kwenye miamba ya chokaa, ni mazito, na mashine ya kila siku inataka kusafishwa kila mwezi. Glasgow wanakunywa maji ya Loch Katrine na Manchester wanaletewa ya Thirlmere, hayo ni maji laini, mtu anaweza kukaa mwaka asione ukoko. Aliyeipeleka mashine nyumbani pwani, Zanzibar au Mombasa, akitumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, ajipange kama mtu wa London au zaidi.

Kusafisha: nusu siki nyeupe nusu maji, jaza birika kama kawaida, liache saa moja bila kuwasha. Utasikia vipovu vikichirizika, hiyo ni chokaa inayeyuka. Halafu chemsha mara moja ili siki ipite kwenye mrija wenyewe, kwa sababu kuloweka birika peke yake hakuufikii mrija, na mrija ndio tatizo. Madirisha yawe wazi. Ifuatishe kwa maji matupu mara mbili, tatu, mpaka harufu iishe. Unga wa asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chai kwa birika, unafanya kazi hiyohiyo bila harufu. Ndimu pia inasaidia lakini chuja kwanza, kwani nyama ya ndimu ndiyo itakayouziba mrija uliokuwa unauzibua. Birika la zamani la alumini lisilowekwe usiku kucha kwenye asidi yoyote. Dakika kumi na tano, suuza, rudia kesho.

Sasa niseme la maziwa. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga alikaa wiki sita, na asubuhi ya tatu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, chai hii nzuri, ila si chai." Alizoea chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, tangawizi na iliki ndani, na sukari juu. Usiku wa nne, kwa nia njema kabisa, alijaza birika maziwa nusu na maji nusu, akatia iliki zilizopondwa na sukari. Alfajiri niliamshwa na harufu ya kuungua. Maziwa yalikuwa yameumuka hadi kwenye kifuniko, yametoka pembeni, yametiririka ndani ya kikalio, na ganda la iliki lilikuwa limekaa kwenye mdomo wa chini wa mrija kama kizibo. Koili ilifunikwa na safu nyeusi iliyonichukua siku mbili kuitoa kwa magadi ya kuokea na maji ya moto. Sikumlaumu. Hakuna aliyemweleza, na hilo lilikuwa kosa langu mimi mwenyeji.

Kwa hiyo mweleze kila anayelala kwenye chumba hicho: ndani ya birika ni maji tu. Si maziwa, si sukari, si majani, si tangawizi. Vyote vingine ni vya buli.

Inamwaga mezani

Usipime maji kwa macho wala kwa birika. Pima kwa buli: jaza buli hadi chini kidogo ya shingo, mimina hayo kwenye birika. Hapo maji hayawezi kuzidi chombo yatakakoishia. Ukiwa umeshaweka majani mengi au vipande vya tangawizi ndani ya buli, punguza maji kiasi hicho.

Ikimwaga ingawa umepima, tazama ncha ya mrija inaangukia wapi. Buli lililovunjika na kubadilishwa na jingine la dukani mara nyingi ni fupi au jembamba, ncha inapiga ukingo. Na usiku, baada ya kutegesha, buli lisukumwe hadi mwisho wa nafasi yake, kifuniko chake tundu likitazama mrija.

Maji yamebaki birikani

Vijiko viwili vitatu kubaki ni kawaida, mrija haugusi kitako kabisa. Robo birika kubaki si kawaida. Ama swichi imekata mapema kwa sababu kitu kimelinyanyua birika, ama mrija una ufa juu ya usawa wa maji na mvuke unapitia hapo badala ya kuyasukuma. Tumbukiza mrija ndani ya beseni la maji, ziba ncha moja kwa kidole, puliza nyingine. Vipovu vitakuonyesha ufa.

Na kuna hili ambalo huwatia watu hofu: asubuhi birika lina maji yenye rangi ya chai. Hakuna aliyechezea. Mashine ikizima, mvuke uliobaki ndani unapoa na kusinyaa, na unavuta. Kama ncha ya mrija imezama ndani ya chai, birika litainyonya chai irudi. Dawa ni kupunguza maji ili ncha ibaki juu ya usawa wa chai, na kuosha birika na mrija siku hiyohiyo, chai ikikauka ndani inaacha gamba.

Maji yameisha, haizimi

Chomoa sasa, soma baadaye. Harufu ya chuma cha moto, birika linalotoa sauti kavu ya kupasuka, taa ya koili bado inawaka: swichi imekwama chini. Ikipoa, bonyeza kikalio kwa kidole mara kadhaa. Kinapaswa kurudi juu chenyewe kwa haraka. Kikirudi kwa uvivu kuna uchafu uliogandia, safisha. Kisiporudi, springi imekufa au ncha za swichi zimeungana kwa moto. Mashine ya namna hiyo haitegeshwi tena usiku hata mara moja mpaka itengenezwe, na baada ya kutengenezwa ijaribiwe mchana, wewe ukiwa macho, mara tatu mfululizo.

Saa inakwenda vibaya

Saa za mashine za zamani hazina betri wala kioo cha kwatsi. Mota yake ndogo inafuata mapigo ya umeme wenyewe, 50 kwa sekunde, na Uingereza na Afrika Mashariki tuna mapigo hayohayo. Ndiyo maana ukiipeleka Dar es Salaam au Nairobi itatunza saa bila kubadilisha chochote. Umeme ukikatika, inasimama. Ukirudi, inaendelea ilipoishia, nyingine mpaka uisukume kwa kifundo cha nyuma. Kwa hiyo ukikuta imechelewa dakika arobaini kamili, usimtafute fundi, uliza umeme ulikatika dakika ngapi. Mahali penye mgao, mashine ya aina hiyo haiaminiki kukuamsha, tegesha na simu pia. Jenereta ndogo isiyoshika mapigo vizuri itaifanya iwahi au ichelewe kila usiku.

Mwaka 2018, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, saa za umeme za aina hii katika nchi nyingi za bara la Ulaya zilichelewa karibu dakika sita, kwa sababu ya mgogoro wa umeme kati ya Serbia na Kosovo uliovuta chini mapigo ya gridi nzima ya bara. Uingereza haikuguswa, gridi yake ina mapigo yake. Walioko Ujerumani na Uholanzi waliokuwa wakikoroga saa zao kwa bisibisi kipindi kile walionea vitu visivyo na kosa.

Aliyehamia Marekani au Kanada na mashine yake ya Uingereza atapata matatizo mawili kwa pamoja. Umeme wa kule ni volti 120 na mapigo 60. Saa itawahi dakika kumi na mbili kila saa moja, na koili itapata kama robo tu ya nguvu yake: mashine ya wati 700 itakuwa na wati 190. Maji ambayo hapa yanachemka kwa dakika saba au nane, kule yatahangaika zaidi ya nusu saa na pengine yasifike mvuke wa kuyasukuma. Kibadilisha volti kinatibu koili, hakitibu saa, kwa sababu hakigusi mapigo. Kosa dogo la namna hiyohiyo linapatikana nyumbani jioni umeme unapokuwa dhaifu. Volti zikishuka hadi 180, koili inabaki na asilimia 61 ya nguvu, na chai inachelewa ingawa hakuna kilichoharibika.

Wanaoitumia kwa daku wakumbuke mambo mawili. Alfajiri inasogea kila siku, kwa hiyo mshale wa alamu usogezwe kila baada ya siku chache, si mara moja kwa mwezi mzima. Na Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Uingereza zinaruka mbele saa moja. Simu inajirekebisha, mashine hairekebishwi na mtu ila wewe. Pia pima muda wake: itegeshe mchana mmoja, uangalie inapoanza kunguruma na inapolia. Nyingi huanza kuchemsha mshale unapofika na hulia chai ikiwa tayari, dakika kadhaa baadaye. Kwenye daku dakika hizo ni nyingi.

Chai yenyewe ni mbaya

Ikiwa na ladha ya plastiki na mashine ni mpya, chemsha maji matupu mara tatu nne, umwage. Ikiwa na ladha ya vumbi, maji yamekaa. Maji ya jana usiku hayana neno, ya tangu Ijumaa yamwage. Ikiwa nyepesi, jua kwamba mashine inamimina na kulia palepale, majani hayajapata nafasi. Izime alamu, ulale dakika nne au tano zaidi, ndipo umimine. Nairobi na Arusha, kwa ajili ya urefu wa ardhi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hiyo ongeza dakika nyingine mbili na nusu kijiko cha majani.

Sturungi, mkandaa, chai ya rangi, iite unavyoiita kwenu: hiyo ndiyo chai ya mashine hii. Lakini mama mkwe aliondoka ameridhika, na hivi ndivyo tulivyofanya. Usiku anaparua tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, anaponda iliki nne, anavifunga pamoja na majani ya chai kwenye kitambaa chepesi, furushi linakaa ndani ya buli. Maziwa yanachemshwa jikoni kabla ya kulala, yanamiminwa yakiwa yanafuka kwenye chupa ndogo ya chai iliyooshwa kwa maji ya moto, inafungwa na kuwekwa kando ya taa. Alfajiri mashine inalia, anaacha dakika sita, analikamua furushi kwa kijiko, anamimina nusu kikombe cha chai na nusu ya maziwa. Chupa ikishindwa kuyatunza ya moto mpaka asubuhi, maziwa yasinywewe, na chupa inatafutiwa nyingine.